Roho Tisa za Maji ya Chumvi

Kutoka Penang mpaka Taiping si safari ya kuaga watu. Unapanda kivuko, unashuka Butterworth upande wa bara, unaingia kwenye treni, na kabla hujapata usingizi vizuri umeshafika. Watu huenda asubuhi na kurudi jioni na bata wa kuchoma mkononi. Lakini Geok Sim, mke wa Teik Beng, alikaa ghorofa ya kumi na saba akiitazama bara ng'ambo ya maji kila siku ya Mungu, na kwenda asiweze. Na kilichomfunga, mtanisamehe, kilikuwa tangi la samaki.

Chekeni tu. Hata yeye alicheka siku lilipoletwa.

Teik Beng alikuwa fundi kwenye mtambo wa mafuta, kule mbali baharini mbele ya mji wa Miri, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mwaka ule waya wa chuma ulikatika ukampitia jirani na sikio. Mama yake, Bibi Khoo, aliposikia hivyo hakula. Alivaa viatu akaenda kwa mnajimu, Mzee Foo, akarudi na amri.

"Samaki wa dhahabu ni wa watu wa madukani," alisema Bibi Khoo, bado yuko mlangoni anahema. "Bahati ya Beng iko baharini. Kwa hiyo maji ya bahari yaje humu ndani, na mawe yake, na matumbawe yake. Roho tisa: nane za rangi ya moto, moja nyeusi. Ikifa moja, imechukua nuksi iliyokuwa inamjia Beng. Inarudishiwa mwenzake siku hiyohiyo, jua halijazama."

"Na nani atayatunza hayo yote, Mama?"

"Mzee Foo amepiga hesabu. Mwanamke aliyezaliwa mwaka wa maji."

Geok Sim akatazama nyuma yake kama kuna mwanamke mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Basi lile tangi likawekwa sebuleni, kwenye pembe aliyoonyesha Mzee Foo, kati ya televisheni na madhabahu ya wazee waliotangulia. Geok Sim hakujua hata kidogo samaki wa baharini anafugwaje. Akakoroga chumvi ya boksi kwenye maji, akapanga mawe, akachomeka pampu na taa. Kesho yake akatia samaki tisa wadogo wenye mistari myeupe, nane wa rangi ya chungwa na mmoja mweusi ti. Wakazunguka vizuri, wakapendeza, Bibi Khoo akawapigia picha akamtumia mwanawe. Kabla wiki haijaisha wa kwanza alikuwa anaelea tumbo juu.

Geok Sim alitaka kulia. Bibi Khoo akapiga makofi.

"Amekufa badala ya mwanangu! Umeona? Umeona? Haya, mbio dukani, jua halikungoji."

Na wa pili akafa, akarudishiwa. Na wa tatu. Kila mmoja alipokufa nyumba ilishangilia, isipokuwa yule aliyepaswa kumtoa kwa kichujio na kukimbilia kumtafuta mwenzake. Geok Sim akawa hawezi kwenda popote kwa zaidi ya nusu siku. Shoga zake wakimwita kunywa kahawa, anajibu, "Ngoja nitazame samaki." Mwishowe wakaacha kumwita. Mtu akitaka kumfunga mwenzake na asionekane anafunga, basi ampe kitu chenye roho akitunze.

Muuza samaki alikuwa Pak Ngah, Mmalay mmoja mnene wa soko la Ayer Itam, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alipomwona Geok Sim anarudi tena na tena, akaweka kikombe chake chini.

"Dada, wewe unawafuga hawa samaki au unawala?"

"Wanakufa tu, Pak Ngah. Sijui nakosea wapi."

"Tangi uliliwasha lini?"

"Kabla ya samaki. Siku moja kabla."

"Siku moja! Na tisa wote kwa pamoja! Dada yangu, umejenga nyumba haina choo, ukaalika wageni tisa." Akamwonyesha jiwe kwenye tangi lake mwenyewe. "Uchafu wao ndio sumu yao. Kuna vijidudu vinaota kwenye mawe, hivyo ndivyo vinaula. Havijaota bado. Liache tangi tupu, maji yazunguke wiki kadhaa, ndipo utie samaki mmoja, kisha mwingine. Polepole."

Geok Sim akarudi nyumbani na habari hiyo. Bibi Khoo akamtazama kama aliyeambiwa ang'oe mlango.

"Tangi tupu? Maji yasiyo na kitu, na mwanangu yuko juu ya maji? Ushindwe!"

Ikawa hivyo. Samaki wanakufa kwa sababu tangi halijakomaa, na tangi halikomai kwa sababu kila anayekufa anarudishiwa. Geok Sim aliliona hilo duara waziwazi, yuko katikati yake, na hakuona pa kutokea.

Ukaja mwaka mpya wa Kichina. Siku ya pili ya mwaka mpya binti aliyeolewa hurudi kwa baba yake, na hiyo hakuna mama mkwe anayeikataza, hata awe na roho ya jiwe. Geok Sim alishafunga machungwa kwenye kitambaa chekundu. Baba yake, Mzee Ooi, alikuwa amepatwa na ugonjwa wa macho, ule unaokula kutoka pembeni kuja katikati, na dada mkubwa, Geok Lan, aliyekaa naye Taiping, alikuwa amesema kwenye simu, "Pa anaona kwa kitundu tu sasa, kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Daktari anasema kitaziba. Kila asubuhi ananiuliza, Sim anakuja lini? Anataka kukuona uso, Sim. Njoo kabla hakijaziba."

Asubuhi ile, machungwa yako tayari mezani, samaki wanne walikuwa wamekufa kwa mpigo.

"Wanne!" Bibi Khoo hakushangilia safari hii. Nne kwa Wachina ni namba ya mauti. "Mwaka mpya, na wanne! Sim, ukitoka leo, Beng akipatwa na jambo, utaniangalia machoni?"

Geok Sim akampigia mumewe. Upepo ulivuma kwenye simu. "Mvumilie Mama," alisema Teik Beng. "Unamjua alivyo. Taiping ipo tu, haihami." Mwanamume yule alikuwa mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kusikia na kukubali, na aliyekuwa karibu naye zaidi ndiye aliyekubaliwa.

Basi wakati mabinti wa jengo zima wanashuka kwenye lifti na watoto wao na zawadi zao, Geok Sim alikuwa dukani kwa Pak Ngah ananunua samaki, analia bila kujificha.

Pak Ngah akampa kiti. "Hebu niambie. Maji yakipungua, unaongeza nini?"

"Maji ya chumvi. Si ni bahari?"

Pak Ngah akashika nguzo ya duka. Alijaribu kutocheka kwa ajili ya yale machozi, akashindwa. "Ewe dada! Yanayopaa ni maji. Chumvi haipai, inabaki palepale! Wewe kila siku unaizidisha. Unawapikia mchuzi hao, mchuzi wa samaki hai! Ukiona yamepungua, ongeza maji yaliyochujwa, matupu, hayana chumvi hata chembe. Na hiki kipimo, sindano ikae hapa. Ikipanda, hatari."

Jioni ile mezani Geok Sim alieleza, maana makosa yake aliona ni haki kuyasema. Alieleza vizuri, kwa kijiko na bakuli. Bibi Khoo alicheka hadi wali ukampalia. "Mchuzi! Mkwe wangu amewapika samaki kwa mwezi mzima!" Likumbukeni cheko hilo.

Baada ya hapo Geok Sim alibadilika. Mtu akibanwa sana akili humchipukia. Akamsogelea mama mkwe wake akiwa ametulia anatazama tamthilia yake.

"Mama, Mzee Foo alisema samaki tisa, au roho tisa?"

"Roho tisa. Kwani?"

"Konokono ana roho?"

Bibi Khoo akazima sauti ya televisheni. Hilo lilihitaji simu. Mzee Foo upande wa pili alikohoa, akafikiri, akasema ndiyo, konokono naye ni roho, bora awe hai. Basi samaki saba walipokufa tena, hawakurudishiwa samaki. Walibaki wawili, mmoja wa rangi ya chungwa na mmoja mweusi, na konokono saba wa baharini aliopewa na Pak Ngah, wenye rangi ya kutu, ambayo Bibi Khoo baada ya kuvaa miwani alikubali kuiita ya moto.

"Na mimi nikienda Taiping?" Geok Sim aliuliza papo hapo, maana chuma kilikuwa bado na moto.

"Tangi likitulia."

"Tutajuaje limetulia?"

Pale juu ya jiwe kulikuwa na kipande cha tumbawe ambacho Pak Ngah alimpa bure, kidogo kama kifungo cha koti, kimejikunja tangu siku kilipotiwa. Bibi Khoo akakinyooshea kidole. "Hilo likifunguka, utakwenda. Naapa mbele ya baba mkwe wako," na akawasha ubani mbele ya picha ya marehemu.

Sasa ndipo Geok Sim alipokuwa mfungwa hasa, maana aliujua mlango ulipo. Alikaa mbele ya kile kioo kila saa aliyoipata. Kioo kiliota utando wa kahawia, kisha wa kijani, konokono wakaulamba. Maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yakasafika. Kila jioni alijaza dumu maji yaliyochujwa akaliweka kando ya tangi, na kila asubuhi akaongeza hadi kwenye mstari aliouchora kwa kalamu. Hakuna aliyekufa. Kutoka Taiping Geok Lan akapiga simu, akasema, "Jana Pa amenimwagia chai mkononi. Alidhani ni kikombe. Fanya haraka, Sim."

"Bado halijafunguka, Dada."

"Nini hakijafunguka?"

Hebu mweleze mtu jambo hilo kwenye simu.

Likafunguka siku ya kawaida tu, anakunja nguo. Aligeuka akaona juu ya jiwe vidole vya kijani vinacheza kwenye maji, vingi, vimetoka ndani ya kile kifungo. Alipiga kelele. Bibi Khoo akaja mbio na mwiko mkononi, akainama kuangalia.

"Zuri," akasema. "Basi, utakwenda Jumamosi."

Geok Sim akamkumbatia. Yule bibi alikuwa mwepesi mikononi mwake, akabaki amesimama na mwiko wake.

Kesho yake lile tumbawe halikufunguka vizuri. Kesho kutwa lilikuwa limejikunja kabisa, na yule samaki mweusi anahema juu juu karibu na pampu. Geok Sim akatia kipimo, ambacho kwa raha alikuwa amekiacha siku kadhaa. Sindano ilikuwa imepanda kupita kiasi. Akajilaumu, akadhani ni mkono wake mzito. Akatoa maji kiasi, akarekebisha, akalala na wasiwasi. Asubuhi akaongeza maji ya dumu kama kawaida. Akapima baadaye. Imepanda tena.

"Ungeahirisha tu," Bibi Khoo alisema kutoka jikoni, sauti yake laini. "Jumamosi nyingine zipo."

Geok Sim alisimama na dumu mkononi. Hakuwa mtu wa kumdhania mwingine mabaya, na wazo lile lilimwia gumu hata kulipokea. Lakini alichovya kidole kwenye dumu akakilamba.

Chumvi. Chumvi kali ya boksi.

Kwa hiyo ilikuwa ni mkono wake mwenyewe, kila asubuhi, unawaua wale samaki na kufunga mlango wake. Akamimina maji yale kwenye kikombe, akaenda jikoni. Bibi Khoo alikuwa ameketi mbele ya sinia la chipukizi za choroko, anazikata mikia moja moja kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mama, nani ametia chumvi kwenye dumu?"

"Dumu gani?"

"Mama."

"Labda umesahau mwenyewe. Siku hizi kichwa chako kiko Taiping."

Geok Sim akaweka kikombe mezani. "Basi kunywa."

Bibi Khoo akakitazama kikombe. Hakukigusa. Akakata mkia wa chipukizi moja, na nyingine, halafu vidole vikaacha.

"Mke wa Teik Huat," alisema, na huyo alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyehamia Australia baada ya ndoa kuvunjika, "alikwenda kwao siku ya pili ya mwaka mpya. Begi dogo tu. Aliniambia, Mama, jioni nipo. Nikamwekea supu. Nikawa naipasha moto, naipasha moto, mpaka ikakauka sufuriani."

"Mimi siyo yeye."

"Yeye pia aliniita Mama." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Beng yuko baharini. Wewe ukienda, humu ndani nazungumza na nani? Na konokono?"

Geok Sim alikuwa na hasira ya kuvunja vyombo. Na alimwonea huruma. Vyote viwili vilikuwa vya kweli, na alijua kabisa kwamba akiiachia ile huruma ikae, atapika supu ile yeye mwenyewe mpaka azeeke.

"Baba yangu anapofuka, Mama. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukatia chumvi."

Bibi Khoo akalivuta sinia karibu yake.

Geok Sim akamwaga dumu, akalisuuza, akalijaza maji yaliyochujwa, akayaonja. Akamshika mama mkwe wake mkono, akamkalisha kwenye kiti mbele ya tangi, akampa kikombe.

"Unatoa kikombe kimoja cha humu ndani, unatia kimoja cha dumu. Unangoja. Kisha tena. Usimwage kwa pupa, watakufa kwa mshtuko. Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka sindano irudi hapa."

"Mimi si mwanamke wa maji! Mzee Foo alisema…"

"Leo ni wewe."

"Nikiwaua?"

"Si watakuwa wamekufa badala ya mwanao? Utapiga makofi."

Lilikuwa neno kali, na lilimchoma hata aliyelisema. Lakini hakulirudisha. Alichukua begi dogo, kwa sababu hakuwa na kubwa, akavaa viatu. Bibi Khoo hakugeuka. Mkono wake wenye kikombe ulikuwa juu ya maji.

Kivukoni Geok Sim alisimama ukingoni na hakuona raha aliyoitarajia. Simu ilikuwa ndani ya begi na aliisikia kila ilipotetemeka. Hakuitoa. Alijua akiitoa atarudi na kivuko kilekile.

Mlango wa nyumba ya baba yake ulikuwa wazi. Mzee Ooi alikuwa ameketi ndani kwenye kiti cha henzerani, ameelekea ukutani, ambako hapakuwa na mtu.

"Lan? Nani huyo?"

"Ni mimi, Pa. Sim."

Mzee alinyoosha mikono upande ambao Sim hakuwapo. Geok Sim akapiga magoti mbele yake, akaivuta mikono ya mzee mabegani pake. Mzee akaanza kugeuza kichwa polepole, huku na huku.

"Sogea kushoto. Umezidi. Rudi kidogo." Akamshika kidevu. "Inua uso. Hapo. Hapo hapo, usitikisike." Jicho la kulia lilihangaika, likatulia. "Nimekupata pua." Akakisogeza kidevu kidogo. "Na jicho. Mbona umekonda, mwanangu? Na mbona unanuka bahari?"

"Nafuga samaki, Pa."

"Samaki! Wewe uliyekuwa unaogopa dagaa!" Mzee akacheka, na kwa kucheka akampoteza, akaanza kumtafuta upya. "Tulia. Usisogee, nimeambiwa nina muda mdogo na hiki kitundu."

Begi likatetemeka sakafuni. Geok Lan akaitoa simu, akasoma, akakunja uso.

"Ni mama mkwe wako. Amekupigia mara chungu nzima, sasa ameandika. Anauliza kikombe kiwe kimejaa au nusu? Anasema yule mweusi bado anapumua na yeye hajainuka pale kitini. Ana maana gani?"

Geok Sim alitaka kugeuka, lakini kidole cha baba yake kilikuwa chini ya kidevu chake.

"Mwambie nusu," alisema, bila kusogeza kichwa. "Na amwite jirani ampokee, ale kitu."

"Nimekwambia usitikisike," alisema baba yake.

"Sitikisiki, Pa."

Magoti yalianza kumuuma kwenye sakafu ya saruji. Alikaa hivyohivyo mpaka mzee alipotosheka.